Je, Wajua Kwa Nini Siku Njema Ndiyo Humponza Mwenye Maumivu Sugu?

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Aliye nayo huijua siku ile mgongo umetulia: anafua, anadeki, anapanga kabati, na jioni anajipongeza. Kesho yake hanyanyuki, na kesho kutwa vilevile. Akipata nafuu anavamia viporo vya kazi, na mambo yanarudi palepale.

Chanzo si uvivu wala mwili dhaifu. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba baada ya jeraha, neva zilizo ndani ya uti wa mgongo zinaweza kuwa nyepesi kuamka, zikakuza ishara ambazo awali zilikuwa hafifu. Ndiyo maana kazi ndogo huweza kuuma sana bila kuwapo jeraha jipya. Tena mara nyingi maumivu huchelewa, yakaja saa kadhaa baadaye au asubuhi ya pili. Ukingoja yakwambie uache, umeshapitiliza.

Dawa yake ni kuiachia saa iamue. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliwazoeza wagonjwa kufanya kazi hadi kiwango kilichopangwa, si hadi maumivu yawazuie.

Anza na shughuli moja, tuseme kusimama ukiosha vyombo. Kwa siku 3 za kawaida, mojawapo ikiwa mbaya, andika dakika ulizosimama kabla maumivu hayajaanza kupanda. Ukipata 12, 20 na 10, wastani ni 14. Chukua asilimia 80 yake: dakika 11. Hicho ndicho kipimo chako. Tega kengele, ikilia, keti au badili mkao kwa dakika 5, hata kama sinki bado limejaa na mwili hauna shida. Hasa kama hauna shida! Hapo ndipo wengi hujiharibia. Wiki ikipita bila maumivu kulipuka, ongeza kama asilimia 10, yaani dakika 1. Ni kidogo kiasi cha kuudhi, lakini mrukio mkubwa ndio huwarudisha watu mwanzo.

Kosa jingine ni kupima siku njema peke yake, au kumeza dawa ya kutuliza ili upitishe kengele. Kulala kutwa nako hakusaidii: misuli hulegea na kipimo hushuka. Maumivu yakilipuka, punguza kipimo kwa nusu kwa siku 2 au 3, kisha kipandishe taratibu, usiache shughuli kabisa. Ila miguu ikiishiwa nguvu ghafla, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo si ya kungoja. Nenda hospitali mara moja.

Sasa dakika hizo uzitumie kwa nini? Wengi huzimalizia kazini na kwenye usafi, kisha kwaya, bustani na marafiki vinapewa makombo, na mtu anaishia kuwa mtunza nyumba wa maumivu yake. Geuza mpango: panga kwanza lile unalolipenda, walau mara 3 kwa wiki, kwa saa ambayo mwili wako huwa mtulivu zaidi. Vyombo vitangoja kengele ijayo.