Hisa ya kikoba si hisa ya kampuni ya akili mnemba

Mwezi Juni kijana mmoja alikuja kwenye kikao cha kikoba chetu hapa Uyole, Mbeya, simu mkononi, na jani la kiazi amelibana ndani ya daftari. Akalipiga picha, akasubiri kidogo, simu ikasema: ukungu. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja anayelima Isyonje akalichukua, akaligeuza mbele na nyuma. "Mwanangu, hili limeungua na baridi. Lingekuwa la ukungu, asubuhi ungeona weupe huku chini."

Tulicheka, lakini mauzo hayakusimama. Alikuwa anauza hisa za kampuni yake changa ya akili mnemba (AI), laki moja moja, na wenzangu kadhaa walishaanza kuhesabu noti. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo wiki nzima niliulizwa maswali, na mengi yalikuja yakiwa tayari na majibu yasiyo sahihi.

"Hisa ni hisa tu, tutavuna mwisho wa mwaka."

Hapa neno lenyewe linatuponza. Kwenye kikoba, hisa ni kile unachoweka kila wiki. Fedha inakopeshwa, inazaa riba, na siku ya kuvunja unachukua chako na gawio juu. Hisa ya kampuni ni kipande cha umiliki. Haina siku ya kuvunja, na hakuna aliyeahidi kukurudishia. Kampuni ikifa, wadai hulipwa kwanza na wenye hisa wanaambulia makombo, kama yapo. Ukitaka kutoka mapema, umtafute mwenyewe wa kukununulia, maana hisa hizi haziko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Na kampuni ikitoa hisa mpya ili kupata mtaji zaidi, asilimia yako inamegwa, usipoongeza fedha.

Hata wanaofanikiwa hawafanikiwi kwa msimu mmoja. InstaDeep, kampuni ya akili mnemba iliyoanzia Tunisia, ilianzishwa mwaka 2014. BioNTech ya Ujerumani iliinunua mwaka 2023, kwa zaidi ya pauni milioni 360. Hiyo ni miaka 9, na InstaDeep ni moja ya chache zilizofika. Watu wanaoishi kwa kuwekeza kwenye kampuni changa hutawanya fedha kwenye kampuni nyingi wakijua nyingi zitakufa, na moja au mbili ndizo zitakazofidia. Kikoba kikimpa kijana mmoja akiba yake yote, hakifanyi wanachofanya wao, hata kama jina ni lile lile la uwekezaji.

Anayekuahidi mavuno ya kila mwezi huyo anauza kitu kingine kabisa. Waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa.

"Ina akili mnemba ndani, lazima itatoka."

Builder.ai, kampuni ya akili mnemba ya London, ilikuwa na fedha za Microsoft, ikaingia kwenye ufilisi mwaka 2025. Mwaka huo huo, waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mwanzilishi wa Nate, programu ya manunuzi, wakidai kwamba kazi aliyowaambia wawekezaji inafanywa na mashine ilikuwa ikifanywa na watu, wengine wakiwa Ufilipino. Kwa madai hayo, neno liliuza, kazi ilikuwa ya mikono.

Swali langu kwa kijana wetu lilikuwa la dukani tu: nani analipa? Ipo programu iitwayo Nuru, ya PlantVillage, inayotambua magonjwa ya mihogo kwa picha hata pasipo intaneti, na ni bure. Kama hiyo ni bure, mkulima akulipe wewe kwa nini? Akanyamaza, kisha akasema jambo la maana kuliko yote aliyosema siku ile: labda atakayelipa si mkulima bali mwenye duka la pembejeo, anayetaka kujua dawa gani aagize kabla mvua hazijachanganya.

"Programu ikishatengenezwa, kilichobaki ni faida."

Programu nyingi za zamani zilikuwa karibu na hivyo, mteja wa elfu hakuongeza gharama kubwa. Kwa akili mnemba kila swali lina bei. Kampuni changa nyingi hukodi mitambo ya wakubwa wa nje na kulipa kwa dola, kulingana na wingi wa vipande vya maneno vinavyoingia na kutoka. Kiswahili kinatugharimu hapo. Neno kama "hawajatulipa" mara nyingi hukatwa vipande vingi kuliko maneno ya Kiingereza, hivyo ujumbe ule ule huweza kuwa ghali zaidi kwa lugha yetu. Kijana alipanga kumtoza mkulima shilingi 2,000 kwa mwezi, maswali bila kikomo, na gharama ya swali moja hajawahi kuipima. Ni mama ntilie anayetoza kwa mwezi: mteja anayempenda kuliko wote ndiye atakayemfilisi.

"Programu hii itawaondoa madalali wa soko la Mwanjelwa."

Dalali anajua bei, ndiyo, lakini pia anamkopesha mkulima, anatafuta lori, na anajua mnunuzi yupi wa Dar hulipa kwa kusumbua. Simu haijafika huko. Naona walioguswa mapema na akili mnemba ni vijana wa steshenari waliokuwa wakiandikia watu barua za kazi.

"Tuchangishe kwenye makundi ya WhatsApp, sisi ni wadogo."

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaiwekea kampuni binafsi ukomo wa wanahisa 50, bila kuwahesabu wafanyakazi, na inaizuia kualika umma kununua hisa zake. Udogo hauiondoi sheria hiyo. Usajili wa kampuni huangaliwa BRELA, na tulipouliza, ya kijana ilikuwa bado ni jina kwenye fulana. Majina na namba za simu za wakulima alizokusanya nazo zina sheria yake, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022.

Hisa hatukununua. Tulimkopesha laki nane kwa masharti ya kila mtu, wadhamini wawili, mmoja wao yule mama wa Isyonje. Ameshaleta marejesho mawili, na mama anampelekea majani.