Tatizo Lako kwenye QO-100 Si Wati

Swali la wanaoanza redio ya ridhaa kupitia setilaiti ya QO-100 ni lile lile, limebadilishwa maneno tu: "Nimefunga dishi, nimeunganisha transvata (kifaa cha kuhamisha masafa ya redio), nikiita hakuna anayejibu. Ninunue amplifaya ya wati ngapi?" Na kabla muulizaji hajavuta pumzi, mmoja ameshamwambia 20, mwingine 50. Hakuna aliyemuuliza kama anaisikia bikoni, ile ishara ya rejea inayoshuka muda wote kutoka kwenye setilaiti. Hakuna aliyemuuliza kebo yake ina mita ngapi. Jamani! Wati ni kitu cha mwisho kuangaliwa, na ushauri huu unawatoa watu pesa bure huku ukiwaharibia wengine transponda, yaani mtambo wa setilaiti unaopokea ishara na kuzirudisha chini.

Nazungumzia transponda nyembamba ya QO-100, ile iliyobebwa na Es'hail-2 ya Qatar kwenye nyuzi 26 mashariki. Ilirushwa Novemba 2018, na wana redio ya ridhaa wakafunguliwa mlango Februari 2019. Inakaa mahali pamoja angani, haichomozi wala haizami, kwa hiyo huhitaji rota (mota ya kuzungusha dishi). Nairobi unaiona kwenye nyuzi 77 hivi juu ya upeo wa macho, Dar es Salaam 72. Unapanda, yaani unatuma, kwenye 2400.000 hadi 2400.500 MHz, unasikiliza 10489.500 hadi 10490.000. Tofauti ni 8089.5, kwa hiyo ukitaka kutokea 10489.700 unatuma kwenye 2400.200. SSB, namna ya kutuma sauti kwa upana mdogo wa masafa, isizidi 2.7 kHz. FM hairuhusiwi kabisa.

Sasa wati. AMSAT-DL, chama cha Ujerumani cha setilaiti za redio ya ridhaa, walipotoa mwongozo wa transponda hii walitaja wati 5 za kilele kwenye dishi la sentimita 75, yaani ukuzaji wa antena wa takriban desibeli 22.5 (dBi). Dishi la sentimita 90 linaongeza desibeli moja na nusu, kwa hiyo wati tatu na nusu zinafanya kazi ile ile. La sentimita 120 linaongeza nne, ukabaki na wati 2. Hizo ni wati zinazofika kwenye fidi, ile antena ndogo iliyo mbele ya dishi, na hapa ndipo watu wanapopotea.

RG-58, kebo nyembamba ya redio, kwenye 2.4 GHz inakula karibu desibeli 1 kwa kila mita. Amplifaya ya wati 20 ikiwekwa mezani, kebo ikapita dirishani na kupanda paani kwa mita 10, kwenye fidi zinafika wati 2. Wati 18 zimepasha moto kebo. Mwenye kifaa anasikika kwa mbali, anakata shauri kununua ya wati 50, na hapo anafika wati 5 alizozihitaji tangu mwanzo, kwa bei mara kumi. Amplifaya ndogo ifungwe nyuma ya dishi, ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, na kebo kati yake na fidi isizidi nusu mita. Kinachopanda paani kiwe umeme wa DC na ishara dhaifu, ambayo hasara yake unaifidia kwa kikuzaji kidogo cha bei ndogo. Zile amplifaya za bei nafuu za Wi-Fi zilizoandikwa wati 8 zinafaa kuanzia, ila zihesabu kuwa za wati 2 au 3 safi; ukizisukuma zaidi ya hapo sauti inatapakaa kwa majirani. Nyingi zina swichi inayojigeuza kati ya kutuma na kupokea kwa kunusa ishara, na SSB inaichanganya swichi hiyo kila unapotua kuvuta pumzi. Ilazimishe ibaki upande wa kutuma.

Kosa la pili halihusiani na wati hata kidogo, nalo hula desibeli nyingi kuliko kebo yoyote. Setilaiti inapokea mawimbi yanayozunguka kulia. Dishi ni kioo, na kioo kinageuza mzunguko. Kwa hiyo fidi yako lazima itoe mzunguko wa kushoto ili kutoka kwenye dishi iwe wa kulia. Mtu anasoma "RHCP" (mzunguko wa kulia) kwenye karatasi, anasokota helisi, yaani fidi ya waya kama springi, ya kulia, anaifunga mbele ya dishi, kisha anashangaa. Kipimo ni rahisi: chukua bolti ya kawaida ya dukani, iweke sambamba na helisi yako. Nyuzi za bolti na mizunguko ya waya ziinamie pande tofauti. Zikiinama upande mmoja, fungua usokote upya. Huwezi kununua amplifaya ya kuziba pengo hilo. Wenye fidi ya POTY, ile ya pachi (bamba bapa la shaba) iliyotobolewa na bomba la shaba la milimita 22 katikati, mtego wenu ni kukata bamba kwa kufuata mchoro uliogeuzwa kama kwenye kioo. Ni pachi ile ile kwa macho, lakini inazunguka upande mwingine. Kama unasikia wengine vizuri na wewe mwenyewe husikiki, shuku hapa kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Helisi au pachi? Watu hugombana. Kwenye makaratasi pachi inamulika dishi la ofseti (lile ambalo fidi haikai katikati yake) vizuri zaidi, na faida yake kubwa ni kwamba LNB, kile kipokezi cha kwenye dishi, inakaa nyuma yake pale pale kwenye kitovu. Lakini fidi za kujitengenezea hazifuati karatasi: tofauti ya desibeli 2 au 3 kati ya kifaa kimoja na kingine kilichotengenezwa kwa vipimo vile vile ni jambo la kawaida, na hesabu za mezani hazielezi yote. Chagua unayoweza kuilehemu kwa usafi.

Nije kwenye kupokea, maana ndiko liliko tatizo la wengi walio huku kwetu, na miongozo ya Ulaya haiwasaidii. Transponda nyembamba inashuka kwa polaraizesheni (mlalio wa mawimbi) ya wima. Miongozo inasema: ipe LNB volti 13, maana volti 13 ni wima, volti 18 ni mlalo, basi umemaliza. Kule Ujerumani au Uingereza hilo linakaribia ukweli. Nairobi ni uongo mtupu. Fikiri: "wima" ya setilaiti ni mstari wa kaskazini kwenda kusini. Wewe uko karibu na ikweta, setilaiti iko magharibi yako, dishi lako linatazama magharibi. Mstari wa kaskazini–kusini kwa mtu anayetazama magharibi ni mlalo, kushoto kwenda kulia! Kwa Nairobi mgeuko huo ni kama nyuzi 83. LNB ikisimama wima kama ilivyotoka kiwandani na kupewa volti 13, unakata karibu ishara yote. Njia ya mkato ni kuipa volti 18 na kuizungusha nyuzi chache tu. Dar es Salaam mgeuko ni nyuzi 63 hivi, yaani si wima si mlalo, kwa hiyo utaizungusha LNB kweli kweli, tena mara nyingi hadi kishikio chake kigome na ulazimike kukilegeza. Usifuate alama zilizochapwa kwenye shingo ya LNB. Izungushe taratibu ukiitazama bikoni kwenye skrini mpaka ifike juu kabisa. Mzunguko wa kutuma hauathiriki na haya yote. Ni wa mviringo, hauna wima wala mlalo.

Fundi aliyezoea DStv naye ataelekeza dishi nyuzi 36 mashariki kwa mazoea ya mkono, na la Azam linatazama nyuzi 7. Yote mawili si yetu. Kwa Nairobi shika dira kwenye nyuzi 277, karibu magharibi kamili. Dar es Salaam 297. Dishi la ofseti lenye pembe ya nyuzi 25 hivi halitaonekana kama linatazama juu sana: kwa mwinuko wa 77 uso wake unalala kwenye 52. Wengi wakiona hivyo hudhani wamekosea na kulivuta juu zaidi, wakaipoteza setilaiti waliyokuwa wameshaipata.

LNB yenyewe iwe ya PLL, ile yenye kristali ya 25 MHz ndani inayoshikilia masafa. Za zamani za DRO, zisizo na kristali, masafa yake yanahama kwa joto kiasi kwamba utaikimbiza bikoni asubuhi nzima. LNB hutoa 9750 MHz (LO yake) kwenye masafa inayopokea, kwa hiyo katikati ya transponda inatokea 739.750, na RTL-SDR, kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, inafika huko bila shida. Soketi yake ya kutoa umeme ina volti nne na kitu, haiwashi LNB. Tumia kiingizaji cha umeme cha nje chenye kinga upande wa SDR, vinginevyo utaichoma. Kristali ya kawaida ikihama sehemu moja kwa milioni, unasogea karibu kHz 10. Watu huchomoa kristali na kuweka TCXO, isiyoyumbishwa na joto. Kwa SSB sishawishiki kwamba wengi wanahitaji kazi hiyo ya kulehemu kwa darubini, kwa sababu programu ya SDR yenye kufunga masafa kwenye bikoni ya katikati inasahihisha kuhama kote huko yenyewe. Ifunge LNB mahali isipopigwa na jua la moja kwa moja, inatosha.

Sasa turudi kwenye wati, kwa sababu kuna sura moja ya kosa hili inayowapata hata wazoefu. Transponda ni ya wote, na nguvu yake ya kushuka inagawanywa kwa kila anayetuma. Anayejaza wati nyingi anajichukulia fungu la wengine. Ndiyo maana kuna LEILA, mfumo unaotazama transponda na kupiga king'ora juu ya masafa ya yule aliyezidi. Kipimo ni bikoni: usiwe na nguvu kuishinda. Kipimo si namba ya S-mita yako, ile mita ya nguvu ya ishara kwenye redio.

Tazama mvua ya masika inavyodanganya. Wingu zito likikaa juu ya dishi, 10 GHz inaumia: ishara zinashuka, kelele inapanda. Unajisikia hafifu, mkono unakwenda kwenye kitufe cha nguvu. Lakini 2.4 GHz yako inapenya wingu hilo karibu bila kudhurika, kwa hiyo setilaiti inakusikia vile vile kama jana. Ukiongeza, wa Brazil na wa Thailand wasio na mvua wanakusikia umewazidi wote, na king'ora kinalia kwako wewe ambaye unaona hutoshi. Ungeitazama bikoni ungeona imeshuka pamoja nawe, hatua kwa hatua.

Kwenye setilaiti za chini, zinazochomoza na kuzama, hali ni hiyo hiyo kwa sababu nyingine. SO-50, setilaiti ya FM, inashuka 436.795 MHz kwa robo wati tu. Unapanda 145.850 na toni ya 67 Hz. Kama imelala, iamshe kwanza kwa 74.4 Hz, itakaa macho dakika 10. Asiyeisikia akiongeza wati za 145 anafanya mambo mawili mabaya: anawafunika wengine, kwa kuwa kwenye FM mwenye nguvu ndiye anayeshika, na anajiziba mwenyewe. Zidisha 145.850 kwa tatu: 437.550. Mawimbi hayo ya tatu yanaangukia mlangoni kwa masafa unayojaribu kusikiliza. Wati 5 za redio ya mkononi na Yagi (antena ya vijiti) iliyoshikwa mkononi zinatosha. Pesa iliyobaki nunua diplexa nzuri, kichujio cha kutenganisha kutuma na kupokea. Anza kusikiliza 436.805 setilaiti inapochomoza, ushuke kidogo kidogo hadi 436.785 inapozama, na uzungushe Yagi kwa kifundo cha mkono kila sauti inapofifia.

Kwa QO-100, fanya hivi kabla hujaita mtu. Vaa hedifoni, kwa sababu lazima ujisikie mwenyewe huku unatuma. Hilo ni sharti. Sauti yako itarudi baada ya robo sekunde na itakufanya upate kigugumizi, kwa hiyo punguza sauti na utumie macho zaidi ya masikio. Tafuta mahali patupu, sikiliza, uliza kama panatumika. Weka nguvu chini kabisa. Sema namba kwa sauti ya kawaida na upandishe polepole mpaka uonekane kwenye skrini, kisha linganisha kilele chako na bikoni ya 10489.750 kwa upana ule ule wa kichujio. Ukifika desibeli chache chini yake, simama hapo. Kama kufika hapo kumehitaji zaidi ya wati 5 kwenye dishi la sentimita 75, panda paani na ile bolti mfukoni. Ukishapata kiwango, kiandike kwa kalamu ya maka kwenye kifuniko cha amplifaya, na tarehe.