Majaji na msongamano wa jela Kenya: dhana potofu na ukweli

"Jaji hana la kusema kuhusu sera ya adhabu." Analo, tena kisheria. Sheria ya Huduma ya Mahakama ya 2011 iliunda baraza linalokutanisha mahakama, upande wa mashtaka, polisi, magereza na probesheni, na mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Mwaka 2016 Idara ya Mahakama ilitoa mwongozo wa kutoa adhabu. Lakini kuna mpaka: jela kujaa hakumpi jaji ruhusa ya kushuka chini ya kifungo cha chini kilichowekwa na Bunge. Julai 2024 Mahakama ya Juu iliacha vifungo vya chini vya Sheria ya Makosa ya Kingono vibaki palepale.

"Kesi ya Muruatetu ilifuta hukumu ya kifo." Haikufuta. Desemba 2017, katika kesi hiyo ya mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wake tu, ili jaji asikilize maombi ya mshtakiwa ya kupunguziwa adhabu kabla ya kuamua. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji peke yake. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu, ambao pia adhabu yake ni kifo, hawakuguswa.

"Jela zimejaa kwa sababu mahakama zinafunga sana." Sehemu kubwa ya waliomo hawajahukumiwa. Wako rumande kwa sababu dhamana imewashinda na kesi inaahirishwa kila mara shahidi asipofika. Katiba, ibara ya 49(2), inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa makosa mengine, Mahakama Kuu inaweza kupunguza kiwango cha dhamana.

"Siku za rumande zimepotea bure." Hili ndilo linaloumiza zaidi, maana tiba yake ni mstari mmoja wa maandishi. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamtaka hakimu azihesabu. Chukua mtu aliyekaa rumande miezi 10, kisha akafungwa miaka 3. Kifungo kikianza siku aliyokamatwa, na akipata msamaha wa theluthi moja kwa tabia njema, anatoka baada ya miezi 24 tangu kukamatwa, yaani 14 baada ya hukumu. Kikihesabiwa tangu siku ya hukumu, anakaa 24 mizima baada ya hapo. Mara nyingi kosa liko kwenye hati ya kifungo: hakimu hakutaja tarehe ya kukamatwa, na ofisa wa gereza hufuata kilichoandikwa. Wakili aombe tarehe itajwe palepale hukumu inaposomwa. Ikikosekana, mfungwa apeleke ombi Mahakama Kuu akiwa na nakala ya hati ya mashtaka, kwani ndiyo inayoonyesha tarehe hiyo.

"Kifungo cha nje ni kuachiliwa." Chini ya Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998, mahakama ikiona kosa linastahili kifungo cha miaka mitatu au pungufu, inaweza kuamuru kazi ya umma isiyo na malipo, baada ya kupata ripoti ya ofisa wa probesheni. Anayekwepa kazi hurudishwa mahakamani, na hakimu anaweza kumpa kifungo cha gerezani.