Zebaki ndani ya chanjo: masuali ya wazazi wa Pemba

Nimesikia Marekani wamepiga marufuku zebaki kwenye chanjo. Mbona sisi huku tunaendelea kuwachanja watoto?

Uliyoyasikia yana ukweli, ila yamekufikia nusu. Juni 2025 kamati inayoishauri serikali ya Marekani ilipiga kura kuachana na chanjo za mafua zenye kihifadhi kiitwacho thiomesali, ambacho ndani yake mna zebaki. Julai, Waziri wa Afya Robert F. Kennedy Jr. akaidhinisha. Zilizoguswa ni chanjo za mafua, na hata huko zenye kihifadhi hicho zilikuwa zimebaki chache tu.

Chanjo za watoto wadogo wao walishazitoa thiomesali tangu 2001. Mwaka 1997 ilipitishwa sheria iliyoitaka mamlaka yao ya chakula na dawa ihesabu zebaki yote iliyomo katika vyakula na dawa. Walipojumlisha, wakaona mtoto aliyemaliza chanjo zake hadi miezi sita angeweza kupata mikrogramu 187.5, na hizo zilipita kimojawapo cha viwango vya tahadhari vya nchi hiyo. Lakini kiwango chenyewe kiliwekwa kwa zebaki ya aina nyengine, ile ya kwenye samaki, kwa sababu ya kwenye chanjo haikuwa na kiwango chake. Julai 1999 wakatoa tamko kwamba iondolewe kwa tahadhari. Hapakuwa na ushahidi wa mtoto aliyedhurika. Kwangu mimi tahadhari haikuwa kosa. Kosa ni kwamba wazazi hawakuelezwa vya kutosha, na khofu iliyobaki ndiyo hii inayotufikia leo.

Lakini zebaki si sumu?

Ni sumu, na hilo tusilifiche. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika. Ile ilikuwa methili-zebaki. Ikiingia mwilini hukawia: inachukua kama mwezi mmoja na nusu kwa nusu yake kutoka kwenye damu, na ukizidi kuila inalimbikizana.

Thiomesali huvunjika ikawa ethili-zebaki. Majina yanakaribiana, mwenendo ni mbali. Hii nusu yake hutoka kwenye damu katika muda usiofika wiki, ikapita na choo. Dozi moja yenye kihifadhi hiki haizidi mikrogramu 25 za zebaki, na gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Anachoweza kupata mtoto ni uvimbe au wekundu mdogo pale alipodungwa sindano.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013 na kupewa jina la mji ule ule wa Minamata, uliziacha nje kwa makusudi chanjo zenye thiomesali.

Kwa nini basi iwekwe? Si waitoe tu?

Mwangalie muuguzi siku ya kliniki. Kichupa kimoja cha Penta, chanjo ya magonjwa matano, mara nyingi kina dozi kumi. Kila mtoto ana sindano yake mpya, lakini mpira wa kichupa ni ule ule, na unatobolewa mara kumi. Kijidudu kikipenya kwenye tundu la tatu, watoto saba wa nyuma wako hatarini. Haya si ya kubuni. Mwaka 1928, katika mji wa Bundaberg, Australia, watoto 12 walikufa baada ya kuchanjwa dondakoo kutoka kwenye chupa isiyokuwa na kihifadhi, bakteria wakiwa wameshaota ndani. Thiomesali ilianza kutumika kwenye chanjo miaka ya 1930, ili kuzuia vijidudu kama hivyo.

Vichupa vya dozi moja moja vipo, lakini bei yake ni kubwa na vinakula nafasi kwenye friji. Chanjo lazima ikae baina ya nyuzi 2 na 8. Fikiria kasha la barafu linalovushwa kwa chombo kwenda visiwa vya Kojani au Fundo, halafu ulizidishe mara kadhaa.

Zipi zina kihifadhi hicho kwenye kadi ya mwanangu?

Inaweza kuwamo kwenye Penta (dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia) na kwenye chanjo ya pepopunda ya mama mjamzito. BCG (ya kifua kikuu), matone ya polio, rota (ya kuharisha), na surua na rubela hazina. Ndiyo maana kichupa cha BCG au cha surua kikishachanganywa hakipitishwi saa sita, kinachobaki kinatupwa. Na ndiyo maana pengine unaambiwa urudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Usimkasirikie muuguzi.

Na usonji? Nasikia zebaki ya chanjo ndiyo inayouleta.

Hapana. Denmark waliacha thiomesali mwaka 1992 na idadi ya watoto wenye usonji ikaendelea kupanda. Jopo la wataalamu wa Marekani lililopitia tafiti mwaka 2004 halikuona uhusiano, na Shirika la Afya Duniani limefika hapo hapo.

Nani anahakikisha usalama wake?

Chanjo zinazonunuliwa kupitia UNICEF huwa zimeshapitiwa na Shirika la Afya Duniani. Udhibiti wa dawa hapa ni kazi ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Na wewe unayo haki ya kuomba uoneshwe kichupa. Kina duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, imepata joto na haifai kutumika.

Nina mimba. Nijihadhari na zebaki wapi?

Krimu za kujichubua kwanza. Baadhi zina zebaki, mara nyengine imeandikwa "kalomeli", mara nyingi haiandikwi kabisa. Inaharibu figo, na kwa kuwa inabaki ngozini na kwenye mashuka, mtoto unayemlaza kifuani anaipata pia. Pili, papa na nduaro: samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya methili-zebaki. Kwa miezi hii kula dagaa na samaki wadogo. Chanjo ya pepopunda usiiache, inamlinda mtoto tangu siku anayokatwa kitovu.

Niliiruka Penta ya pili kwa khofu hii. Nifanye nini?

Nenda na kadi siku yoyote ya kliniki. Mwanao hataanzishwa upya: ataendelea na ya pili, na ya tatu baada ya wiki nne.