Bomba Pana Halileti Nguvu: Ninayoyasikia Kuhusu Heda Hapa Malindi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea Mustang ya 1967 ya marehemu babake, akafungua boneti na kuniambia, "Mzee, nitafutie heda zenye mabomba mapana kuliko zote. Nataka gari lipumue." Heda ni yale mabomba yanayofungwa kwenye injini kuutoa moshi wa kila silinda. Magari ya namna hii hapa Malindi yanahesabika kwa vidole, na bado maneno hayo nimeyasikia karibu kwa kila mwenye nalo. Wengine huja mzigo umeshatolewa bandarini Mombasa, pesa imekwenda, na kazi yangu inabaki kuwapa habari mbaya. Naandika ili anayepanga kununua asome kabla hajalipa.

"Bomba likiwa pana zaidi, nguvu nayo huzidi"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu mtu hutoa pesa nyingi kulipunguza nguvu gari lake mwenyewe.

Heda si mfereji wa kumwagia moshi. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, moshi hutoka kwa kishindo, kishindo kimoja baada ya kingine, na kila kimoja hukimbia ndani ya bomba lake na kuacha mvuto nyuma yake. Halafu lipo wimbi la presha, ambalo huutangulia moshi wenyewe. Likifika pale mabomba manne ya upande mmoja wa injini yanapokutana, kwenye koleta, hukuta upana wa ghafla, na kutoka hapo hurudi wimbi la mvuto mpaka kwenye vali. Likifika wakati vali ya kuingiza imeanza kufunguka na ya kutolea haijafunga, hufyonza mabaki ya moshi na kuanza kuvuta hewa mpya ndani ya silinda. Faida ya heda iko hapo, na inategemea vitu viwili: urefu wa bomba, ambao ndio unaopanga wimbi lirudi lini, na kipenyo chake, ambacho ndicho kinachopanga kasi ya moshi.

Asiyeelewa habari ya kasi na aende Mida, kwenye ule mkono wa bahari, maji yakikupwa. Pale mlangoni palipobana, mkondo una nguvu hata wenye ngarawa huusubiri utulie. Ndani, kwenye upana, maji yale yale yanajikokota. Moshi nao ni hivyo hivyo. Ukiupa bomba pana kuliko unavyoweza kulijaza, unapoa, unapunguza mwendo, na mvuto unakufa.

Sasa tupime. Injini ya 289, yaani lita 4.7, ambayo haijabadilishwa hedi (kichwa cha injini) wala kamshafti (shafti inayofungua vali), kwa matumizi ya barabarani inatosheka na mabomba ya inchi 1½ hadi 1⅝, sawa na milimita 38 hadi 41. Yule kijana wa Mustang alikuwa ameshachagua ya inchi 1⅞, milimita 48. Tofauti ya milimita saba inaonekana ndogo, lakini uwazi wa bomba umeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Bomba hilo ni la injini kubwa zaidi, au ya mashindano inayokimbizwa mizunguko 7,000 kwa dakika. Wewe unatoka Kasuarina kwenda sokoni, unapunguza kwenye tuta, unapanda gia ya pili, unafika tuta jingine. Injini yako inaishi kati ya mizunguko 1,500 na 3,000, na hapo ndipo bomba pana linapokunyang'anya nguvu. Gari la namna hiyo nimeliendesha: likitoka tutani unakanyaga mafuta, linavuta pumzi kwanza, ndipo linaondoka. Mwenyewe alikuwa akilaumu kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli.

Na wanaotaraji heda peke yake iwape nguvu ya farasi mia waangalie Shelby GT350 ya 1965, Mustang iliyoongezwa nguvu na karakana ya Carroll Shelby wa Marekani. Ile 289 ya nguvu ya Ford ilitajwa kuwa na farasi 271. Watu wa Shelby wakaifunga heda za Tri-Y, manifoldi ya aluminiamu ya kuingizia hewa na kabureta kubwa zaidi, ikatajwa kuwa na farasi 306. Hiyo ni nyongeza ya 35 kwa kazi yote hiyo kwa pamoja. Tri-Y ni zile ambazo mabomba manne huungana mawili mawili kwanza, kisha mawili yakawa moja. Ukiniuliza mimi, kwa gari la barabarani nitakuambia hizo hizo, kwa sababu nguvu yake iko chini na katikati, mahali unapoendeshea kila siku.

"Injini inahitaji presha ya nyuma"

Imani hii ni pacha wa ile ya kwanza, na huja kwa fundi aliyeona bomba pana likiua nguvu akatoa hitimisho lisilo sahihi. Hakuna injini inayofaidika kwa kukabwa koo. Presha ya nyuma ni kazi ambayo pistoni inalazimika kuifanya ili kusukuma moshi nje, na kazi hiyo inatoka kwenye nguvu yako. Kilichopotea kwenye bomba pana ni kasi.

Sababu ya pili ya imani hii ni kabureta. Moshi ukitoka vizuri, hewa huingia zaidi, na mchanganyiko unaweza kukosa petroli ya kutosha. Injini inapata moto, plagi zinakuwa nyeupe, mwisho vali zinaungua. Mtu anasema, "Unaona, imekosa presha ya nyuma." Imekosa jeti, yaani tundu la kabureta linalopitisha petroli, iwe kubwa zaidi! Baada ya kufunga heda toa plagi zote nane uzitazame rangi. Nyeupe kavu, weka jeti kubwa zaidi. Hudhurungi nyepesi, acha.

"Heda ya Mustang huingia Mustang yoyote"

Hapa kwetu kosa hili lina uchungu wa pekee. Mustang za miaka ile zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto. Nyingi ninazozishika mimi zimehamishiwa usukani kulia, na boksi la usukani limekaa palepale ambapo mabomba ya upande wa kulia yalikusudiwa kupita. Heda iliyotengenezwa kwa gari la Marekani inagonga boksi, na nimeona watu wakiligonga bomba kwa nyundo mpaka likabonyea nusu ili tu lipite. Umenunua bomba kwa kipenyo chake, halafu unakivunja kipenyo chenyewe!

Australia nao wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na huko hutengenezwa heda kwa ajili ya magari yaliyohamishwa usukani. Tafuta hizo, au chukua heda fupi zinazokaa karibu na injini. Uliza pia injini ni ipi. Ya 302 na ya 351 Windsor, injini nyingine za Ford, zina mpangilio mmoja wa matundu ya bolti kwenye hedi, na hapo wengi hudanganyika. Bloku ya 351, yaani mwili wa injini, ni ndefu kwa juu kwa zaidi ya inchi moja, kwa hivyo hedi zake zimekaa juu na nje zaidi, na heda ya 302 haishuki vizuri kwenye chesi. Kabla ya kuagiza, lala chini ya gari na tochi. Angalia boksi la usukani, stata, chujio la oili na nyaya za plagi. Pima pia nafasi iliyobaki hadi chini, kwa sababu heda ndefu huning'inia, na matuta yetu hayana huruma.

"Funga bendeji, heda itadumu"

Bendeji ya joto, kile kitambaa cha kuzungushia bomba, ina kazi yake kwenye gari la mashindano la nchi kavu. Hapa tunapumua chumvi usiku na mchana. Kitambaa kile hunyonya unyevu wa bahari na kuushika dhidi ya chuma, gari likilala wiki mbili bila kuwashwa ndiyo basi. Gari moja la Watamu nilipoikata bendeji, unga mwekundu ulimwagika sakafuni, na bisibisi niliyoisukuma kwa mkono ikatoboa bomba. Heda zilikuwa hazijamaliza mwaka wa pili. Nunua zilizopakwa kauri ndani na nje, au za chuma cha pua cha aina ya 304. Aina ya 409 ina kromiamu ndogo na huanza kutoka kutu kwa juu mapema.

"Kelele ndiyo nguvu"

Hapana. Sailensa nzuri ya kupitisha moja kwa moja haikupunguzii kitu unachoweza kukihisi barabarani, na jirani yako ana mtoto mchanga.

"Bolti zikikazwa siku ya kufunga, zimekazwa"

Chuma kikipata moto hutanuka, gasketi hukandamizika, na kikipoa bolti imelegea. Asubuhi utasikia tik-tik-tik inayopotea injini ikipata moto, na utaambiwa ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma vali. Mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye gasketi, na ukiachwa utaila mpaka itoboke. Ndiyo maana nikifunga heda gari hulala kwangu. Naiwasha mpaka ifike joto lake kamili, naizima, naiacha ipoe usiku kucha. Kesho yake alfajiri, chuma kikiwa baridi, nazikaza upya kuanzia katikati kwenda nje, na kwenye hedi za aluminiamu naenda kwa mkono mwepesi zaidi. Baada ya kilomita mia moja unarudi, nazipitia tena, na kwa hiyo ya pili sikutozi kitu.