Mwenye shughuli ni nani? Maana yake kwenye kadi ya harusi

Mwenye shughuli ni mtu au familia iliyoandaa sherehe na inayobeba jukumu la kuwapokea wageni. Kwenye kadi ya harusi yeye ndiye anayestahili kutajwa kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayealika.

Kadi nyingi zinazosambazwa Nairobi siku hizi, hasa zile za WhatsApp, huanza hivi: "Unaalikwa kwenye harusi ya Fulani na Fulani." Sarufi yake haina kosa. Lakini umealikwa na nani? Ukifika, utampa nani mkono wa pongezi? Kualika ni heshima ambayo mtu humpa mwenzake, na sentensi hiyo imemficha anayeitoa. Mimi ningependelea: "Familia ya Mzee Fulani wa Buruburu na familia ya Mzee Fulani wa Kayole zina furaha kukualika kwenye harusi ya watoto wao." Hapo mgeni anajua anaingia kwa nani.

Maharusi wanaojigharimia wenyewe wana haki ya kualika kwa jina lao: "Sisi, Fulani na Fulani, pamoja na wazazi wetu, tunakualika." Wazazi wanabaki na nafasi yao, na ukweli haujapindwa.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni mzazi mmoja akiwa ametangulia mbele ya haki. "Marehemu Bwana Fulani na Bibi Fulani wanakualika" ni maneno yanayoumiza. Yanamfanya marehemu aalike, na msomaji anaweza kudhani hata mama hayupo. Mwenye shughuli ni aliye hai: "Bibi Fulani anakualika kwenye harusi ya binti yake, mtoto wa marehemu Bwana Fulani." Jina la baba limeheshimiwa, na mama ameachiwa sauti yake.

Kisha taja shughuli yenyewe. Ndoa hufungwa, harusi ni sherehe yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na si lazima kila moja ifungwe siku ileile ya karamu. Waliokwisha kutia saini kwa msajili wa ndoa, Sheria House, pale Harambee Avenue, wakafanya karamu miezi kadhaa baadaye, wasiandike "wanafunga ndoa". Waandike "tafrija ya harusi". Kwa Waislamu wa Eastleigh au Pumwani, mwenye shughuli anaweza hata kubadilika ndani ya harusi moja: nikahi, yaani kufungwa kwa ndoa yenyewe, kwa kawaida huandaliwa nyumbani kwa bibi harusi au msikitini, na familia yake ndiyo hualika, ilhali walima ni karamu ya bwana harusi. Basi hizo ni kadi mbili zenye waalikaji wawili.

Kwenye sehemu ya kadi inayosema "Majibu kwa", weka nambari ya mtu wa familia anayepokea simu.

Na saa. "Saa 2:00 mchana" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwetu saa mbili ni asubuhi au usiku, na mgeni aliyechanganyikiwa atampigia mwenye shughuli simu asubuhi ile ile anayohangaika na sufuria na mahema. Andika kwa maneno: saa nane mchana.