Jambia la Afisa wa Kijerumani: Anza Kulikagua Mpinini

Mwenye jambia akija kwetu, swali lake la kwanza huwa ni bei. Langu mimi, mtunza vitu vya kale, huwa ni mpini umehifadhiwaje.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Majambia ya maafisa wa Ujerumani ya miaka ya 1930 hayakuwa silaha za kupigania. Anayejua jambia la Oman kiunoni mwa bwana harusi ataelewa upesi: ni pambo la sare, la kuvaliwa kwenye gwaride na dhifa, na kwa kawaida bapa lake halikunolewa. Jeshi la majini lilikuwa na desturi hiyo tangu karne ya 19. Jeshi la nchi kavu lilipata jambia lake mwaka 1935, na jeshi la anga likapewa mtindo wake wa pili mwaka 1937. Vita vilipokolea, utengenezaji ukasitishwa. Mengi yaliyopo sokoni leo yalibebwa na askari wa Marekani na Uingereza kama kumbukumbu za ushindi mwaka 1945.

Sasa mpini. Ile rangi ya maziwa au ya chungwa inayowavutia wengi mara nyingi si pembe wala mfupa, ni seluloidi, plastiki ya kale iliyotengenezwa kwa nitrati ya selulosi na kafuri. Inapozeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma kilicho jirani, na ikishika moto huwaka kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo usilifungie jambia kwenye mfuko wa plastiki, wala usilirundike na mengine kwenye sanduku lisilopitisha hewa. Liweke mahali pa baridi na pakavu, mbali na jua. Kuna wauzaji wanaopima seluloidi kwa sindano iliyochomwa moto ili wanuse kafuri. Tafadhali, usithubutu.

Usilisugue kwa dawa ya kung'arishia vyuma pia. Mchovyo wa fedha ni mwembamba, ukishaondoka haurudi, na mnunuzi mjuzi hulipa zaidi kwa weusi wa miaka kuliko kwa mng'ao wa jana.

Kuhusu bandia, tatizo kubwa ni jinsi jambia la jeshi la nchi kavu lilivyoundwa. Msuka wa bapa, yaani mkia wake mwembamba wa chuma, hupita katika kingamkono, noleo (pete ya chuma chini ya mpini) na mpini, kisha kichwa cha mpini hukazwa juu yake kama skrubu. Ukikifungua kichwa, kila kipande kinatoka. Ndiyo maana yapo majambia mengi ya mseto: bapa halisi, mpini wa jana, ala ya jambia jingine. Tazama kama uchakavu unalingana. Mpini uliopasuka kwa uzee juu ya kingamkono kisicho na mkwaruzo unatia shaka. Vipande vya zinki pekee si ushahidi wa ughushi, maana viwanda vyenyewe viliishia kutumia madini hafifu. Taa ya urujuanimno (UV) husaidia kwenye kishada, pambo la nyuzi linalofungwa mpinini: nyuzi za kisasa mara nyingi hung'aa. Lakini hata pamba ya zamani hung'aa ikiwa mtu aliwahi kuifua kwa sabuni ya unga ya siku hizi, na hilo limewaumbua wataalamu wengi.

Kingamkono cha jambia la nchi kavu kina tai na swastika, alama ya Wanazi. Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha alama hiyo hadharani, isipokuwa kwa mambo kama elimu, sanaa na utafiti. Wauzaji wa huko huifunika kwenye picha za mnada.

Mwisho tazama alama ya kiwanda kwenye bapa. Nyingi zinatoka mji mmoja wa Ujerumani, Solingen, uliofua visu na panga tangu enzi za kati, wenye viwanda kama Eickhorn, WKC na Hörster. Ukikuta mizani yenye herufi ACS, hiyo ni Alexander Coppel, kampuni ya ukoo wa Kiyahudi. Utawala wa Nazi uliwapokonya wenyewe kiwanda, lakini alama ikaendelea kugongwa kwenye vyuma. Alexander Coppel, mwana wa ukoo huo aliyebeba jina la mwanzilishi, alifia katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1942. Wakati huo majambia yenye mizani ya kwao yalikuwa bado yananing'inia viunoni mwa maafisa.